Hospitali Bila Paa

"Usiguse chochote, Matron," alisema Inspekta Nelima.

Matron Sandra Jelimo alikuwa amewaamrisha manesi na madaktari wa wadi za watoto mpaka siku aliyostaafu. Aliposikia sauti hiyo akaurudisha mkono wake mfukoni mwa sweta kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari.

Walikuwa katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, mtaa wa Kibomet, Kitale. Rafu za mbao zilizunguka kuta, na juu ya rafu zilipangwa hospitali. Hospitali za kuchezea watoto, zote za zamani, nyingi zikiwa zimeachwa na Wazungu wa mashamba walipouza na kuondoka. Ilikuwepo ya bati yenye lifti ya kuzungushwa kwa mkono. Ilikuwepo ya plastiki yenye gari la wagonjwa ambalo bado lililia king'ora likisukumwa. Na ilikuwepo ya kadibodi ambayo haijawahi kutolewa kwenye boksi lake. Matron alikuwa amezisaka kwenye stoo, kwenye minada ya kanisa na kwenye mabunda ya mitumba, na Kitale nzima ilimjua kwa hizo.

Katikati ya rafu ya pili palikuwa na nafasi tupu.

"Ni ile ya vitofali," alisema Matron. "Vitofali vya mbao, unapachika kimoja juu ya kingine mpaka wadi inasimama. Nyeupe, na mstari mwekundu. Haina paa. Nilipoinunua haikuwa na paa."

"Na hii ya kwenye boksi? Ina thamani kuliko hiyo?"

"Mara kumi! Watu wa Nairobi wananipigia simu kuiulizia."

"Lakini mwizi ameiacha, akachukua nyumba isiyo na paa." Nelima aliinama. Kwenye ile nafasi tupu vitu vinne vilikuwa vimepangwa kwa safu, kama vikombe baada ya kuoshwa: vitanda viwili vya chuma, nesi wa plastiki mwenye gauni la buluu, na mlango wa kijani mdogo kama kidole gumba. "Na hivi?"

Matron alisogeza miwani. "Vitanda nilinunua soko la Gikomba. Nesi nilipewa na rafiki. Hospitali ilikuwa na wagonjwa wachache, nikaijaza."

"Nani anajua kwamba si vya asili?"

"Hakuna." Matron aliona haya kidogo. "Wageni huwa nawaambia yote ni ya asili."

"Na mlango?"

"Mlango ni wake. Ulikuja nayo."

"Mwizi hakubaliani nawe," alisema Nelima. Akaufunga ule mlango mdogo ndani ya kitambaa. "Anaijua hospitali yako kuliko wewe. Mara ya mwisho uliiona lini?"

"Jana mchana. Nilikuwa na akina mama wa kanisa na wageni wao kutoka upande wa Bungoma. Nilifungua chumba waone. Leo asubuhi Kipruto, kijana wangu wa kazi, akaingia kufagia, akaja mbio kuniambia. Ufunguo ni wangu na wake tu, ndiyo maana OCS, mkuu wa kituo, akamkamata. Inspekta, kijana huyo nimekaa naye kama mwanangu. Sijui niseme nini. Mimi naona ni Khaemba wa Bungoma amemtuma. Yeye ndiye aliniuzia, na tangu hapo kila Krismasi ananipigia nimrudishie."

"Jana ulipofunga chumba, uliangalia ndani?"

Matron aligeuka akautazama mlango. "Nilivuta mlango nikiwa naongea."

"Basi huenda mwizi hakuhitaji ufunguo."

*

Kipruto alikuwa amekaa kwenye benchi la selo, kofia mapajani. Alikuwa kijana mpana wa mabega, na harusi yake ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo.

"Madam, ng'ombe wa mahari walishapokelewa na shemeji zangu," alisema. "Wakisikia niko hapa wataniambia niende nioe OCS."

Konstebo Kimaiyo, aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo, aligeuka kuficha kicheko.

"Jana ulikuwa wapi wageni wakifika?" Nelima aliuliza.

"Nilikuwa nyuma napasua kuni. Sikuona wakiingia. Lakini wakitoka nilifungua geti."

"Kuna aliyebeba mfuko mkubwa? Boksi?"

"Hapana. Vipochi tu. Na Biblia."

"Fikiria. Kitu chochote, hata cha kijinga."

Kipruto alikuna kichwa. "Kulikuwa na mama mmoja mrefu, amefunga kitambaa cha njano. Alikuwa na mtoto mgongoni, amemfunika na shuka kabisa. Mbwa wetu akamrukia, mama akaruka, mtoto naye akalia. Sasa, Madam, huyo mtoto hakulia kama mtoto."

"Alilia vipi?"

"Kama kayamba. *Chakacha, chakacha.* Mara moja tu, halafu kimya."

Kimaiyo alishindwa kujizuia. "Labda ni mtoto wa kwaya!"

"Nilidhani ana kichezeo," alisema Kipruto kwa unyenyekevu. "Nikamwambia mama, mtoto wako ni mpole. Akaniambia Mungu akubariki, akaenda mbio."

Nelima hakucheka. Alimwambia Kimaiyo aangalie mafuta ya Land Rover.

*

Duka la Khaemba lilikuwa nyuma ya soko la Bungoma, limejaa redio zilizofunguliwa, saa za ukutani na magari ya bati. Mwenyewe alikuwa mzee mnene mwenye sauti ya besi, na alipoona magwanda ya polisi alifurahi kana kwamba ni wateja.

"Mulembe! Karibuni! Mukhana wefwe, binti yetu, kaa hapa. Kijana, wewe kaa juu ya hiyo redio, haifanyi kazi."

Nelima alimweleza. Khaemba alipiga paja.

"Ati mimi mwizi? Sandra Jelimo anasema mimi mwizi? Haki ya nani! Huyo mama tunagombana miaka mingi, lakini mimi siwezi kuiba hospitari bira paa!"

"Ulitaka akurudishie."

"Nirimuuzia nikiwa mjinga, ndiyo. Lakini nikitaka kitu ninapiga simu, ananitukana, ninakata, tunangoja Krismasi ingine."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Webuye! Mashindano ya kwaya!" Akashusha kikombe cha ushindi kutoka kwenye kabati. Ndani yake bado kulikuwa na soda. Jirani muuza viatu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, aliingia bila kualikwa kusema kwamba yeye ndiye sauti ya kwanza, na nyuma yake akaingia mama wa mboga aliyekuwa sauti ya tatu. Kabla Nelima hajawazuia, nusu ya kwaya ilikuwa imejaa dukani ikiapa, na mmoja wao alikuwa ameshaanza wimbo.

"Inatosha, inatosha!" Nelima alicheka sasa. "Ushahidi wako unaimba, mzee. Nimekubali." Kwaya ilipotoka alifungua kitambaa akaweka ule mlango wa kijani mezani. "Niambie kuhusu huu."

Khaemba aliutazama, kisha akaanza kutikisika kwa kicheko.

"Huo mrango ni mimi niriuchonga. Kwa mbao ya kreti. Hospitari ilikuja ikiwa na shimo tu mahali pa mrango, nikaona itakuwa mbaya machoni, nikachonga, nikapaka rangi. Sijawahi kumwambia Sandra."

"Na hukumwambia mtu mwingine?"

"Nimwambie nani? Si ningeharibu biashara."

Nelima aliugeuza mlango kwenye kiganja. "Matron hakujua kwamba mlango ni wa bandia. Wewe ulijua, lakini wewe ulikuwa Webuye unaimba. Aliyeichukua aliuacha mlango huu. Ni nani mwingine angejua?"

Khaemba aliacha kucheka. Alikuwa mtu mwepesi wa akili. "Ni mtu ariyeijua kabla mrango haujachongwa."

"Uliinunua kwa nani?"

"Kwa mzee mmoja wa Bokoli. Mungu amrehemu, ameshakufa. Alikuwa mpishi wa Mzungu huko mashamba ya Kitale. Nikamuuliza, mzee, paa iko wapi? Akaniambia paa iko na msichana wake, alienda nayo chuo cha unesi. Anaitwa Phelista. Alirudi Bokoli, ndiye nesi wa kiriniki hapo. Baadaye alikuja kuniuliza nirimuuzia nani. Nikamwambia, ni Matron wa Kitale. Alikaa tu hapo kwenye kiti chako."

"Ni mrefu?"

"Kama mringoti."

Nelima alitoa simu yake ya mkononi akampigia Matron.

"Matron, kati ya wageni wako wa jana, kuna aliyekuja na mtoto mchanga?"

"Mtoto? Hapana! Wote ni wamama wakubwa. Nilimpa kila mmoja chai kwa mkono wangu mwenyewe, ningeona."

"Na mrefu, mwenye kitambaa cha njano?"

"Huyo yuko! Mpole sana. Aliangalia hospitali zangu mpaka chai ikapoa. Nilimwacha huko chumbani wenzake wakiimba. Nilifurahi, nikasema, leo nimepata mtu anayeelewa."

Nelima alikata simu akamtazama Kimaiyo. "Kipruto alisikia vizuri. Ule haukuwa mlio wa mtoto, ni vitofali. Amevibeba mgongoni akapita getini, na mshukiwa wetu akamfungulia na kumsifia mtoto."

Kimaiyo alipiga saluti bila kuambiwa.

*

Kliniki ya Bokoli ilikuwa na veranda ndefu, na siku hiyo ilikuwa siku ya chanjo. Nelima aliijua sauti ya siku ya chanjo kutoka mbali. Alikuwa amewapeleka wanawe wawili. Lakini aliposhuka kwenye Land Rover alisimama. Watoto hawakuwa wakilia. Walikuwa wakicheka.

Ndani, juu ya meza chini ya dirisha, hospitali ilikuwa imesimama. Kuta zake nyeupe zilikuwa zimeoshwa na kufutwa, mlango wake ulikuwa shimo tupu, na juu yake lilikaa paa jekundu lenye msalaba mweupe. Mvulana mmoja alikuwa amemshika mgonjwa wa mbao miguu. Mwanamke mrefu aliyevaa sare ya unesi alikuwa akimdunga mgonjwa huyo kwa kijiti cha kiberiti.

"Umeona? Amelia?"

"Hajalia," alisema mvulana.

"Sasa yeye anataka kuona kama wewe ni shujaa kama yeye."

Mvulana alinyoosha mkono wake mwenyewe. Sindano iliingia. Alikunja uso, akamtazama mgonjwa wa mbao, akaukunjua.

Ndipo nesi alipoinua macho akawaona polisi. Hakukimbia wala hakujifanya. Alimpaka mvulana pamba, akamkabidhi kwa mama yake, akanawa mikono.

"Nilijua mtakuja," alisema. "Sikujua mtakuja haraka hivi."

"Wewe ndiye Phelista, mwenye mtoto anayelia kama kayamba?"

Phelista alianza kucheka, na kicheko kikageuka machozi kabla hakijaisha. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Baba alikuwa mpishi. Watoto wa yule Mzungu walipokuwa wanaondoka waliniachia hii. Nilikuwa mdogo, hata viatu sina. Nililaza kuku humo, nikalaza vyura, nikamlaza paka mpaka akanikwaruza. Madam, mimi sikuota unesi shuleni. Niliota hapa." Aligusa ukuta kwa kidole. "Nilipoenda chuo nilibeba paa kwenye sanduku langu, niwe nalo. Baba naye akaona nyumba isiyo na paa haina kazi tena, akaiuza. Sikumlaumu. Hakujua."

"Kwa nini hukumwomba Matron?"

"Nilienda kumwomba! Nilijiunga na hao akina mama kwa sababu hiyo. Maneno niliyapanga kutoka Bokoli mpaka Kitale. Nikaingia, nikaona lile nesi la plastiki limesimama mahali pa daktari wangu. Nikasema wacha nilitoe tu hilo. Nikatoa. Nikaona vitanda vya chuma, nikatoa. Nikaona mlango ambao siujui, nikatoa. Ikabaki yangu peke yake, vile nilivyoiacha. Wenzangu walikuwa wanaimba. Shuka ilikuwa mabegani. Nikabomoa, nikafunga vitofali mgongoni, nikatoka wimbo ukiendelea. Sijui nikwambie nini zaidi. Niliiba, Madam. Hakuna jina lingine."

"Kuna jambo lingine ambalo hulijui," alisema Nelima. "Kijana aliyekufungulia geti yuko selo. Ndiye aliyekuwa na ufunguo. Jumamosi ni harusi yake."

Phelista alisimama kwa kasi, kiti kikaanguka.

"Yule aliyesema mtoto wangu ni mpole?"

"Huyo huyo."

"Na mmekaa hapa mnanisikiliza hadithi?" Alikuwa ameshaifungua aproni. Alimwita mwenzake wa chumba cha pili aendelee na chanjo, akaanza kubomoa hospitali, kitofali baada ya kitofali, akivitia kwenye beseni kwa haraka ya mtu anayefunga kidonda. Paa alilibeba mwenyewe. "Twende. Niwekeni mimi, mtoe yeye."

*

Matron Jelimo alikuwa akingoja kituoni Kitale, mkoba kifuani, midomo imebanwa. Alipomwona Phelista alimtambua, na uso wake ukawa mgumu.

"Wewe. Nikakupa chai mara mbili."

"Matron, ni mimi niliyechukua. Huyu kijana hajui chochote. Mfungulieni kwanza, ndipo mnifokee."

OCS alitoka ofisini kwake kuona kelele ni za nini. Nelima aliripoti kwa maneno machache: mlango wa bandia, paa lililokosekana, mtoto wa kayamba. Kisha akaweka beseni juu ya kaunta.

"Kielelezo ni hiki, bwana. Lakini ni lazima mlalamishi athibitishe kwamba ni mali yake, na kikiwa hivi kwenye beseni hawezi kuthibitisha. Inabidi ijengwe."

OCS alifikiri, akakubali kwamba utaratibu ni utaratibu.

Phelista akajenga. Matron alisimama mbali, mkoba bado kifuani. Ukuta wa kwanza ulipanda. Matron akasogea hatua moja.

"Hicho ni cha upande wa pili," alisema.

"Hapana, Mama. Hicho kina shimo."

"Shimo ni la bomba la moshi."

"Ni la taa ya theatre. Angalia." Phelista aliinamisha kitofali kuelekea dirishani, na mwanga ukapita kwenye shimo ukatua katikati ya kitanda cha upasuaji, duara dogo, safi.

Matron aliweka mkoba chini. Alivaa miwani.

"Miaka yote hii," alisema taratibu, "nimekuwa nikipasua watu gizani."

Mtu alicheka nyuma yao. Konstebo wote wa zamu walikuwa wamekusanyika, na mama mmoja aliyekuja kuripoti mbuzi aliyepotea alikuwa amemsahau mbuzi. Wanawake wale wawili hawakuwaona. Walibishana kuhusu wadi ya leba, wakabishana kuhusu ngazi, Matron akashinda moja na kushindwa tatu. Mwisho Phelista alilinyanyua paa jekundu kwa mikono miwili, akasita, akampa Matron.

Matron aliliweka. Likakaa, *tak*, bila kutikisika.

Aliupapasa msalaba mweupe kwa kidole. Kisha akamgeukia Nelima, akajifuta pua.

"Inspekta. Mimi nilikuja hapa kusema nimeibiwa nusu ya hospitali. Sasa nimerudishiwa hospitali nzima. Sheria inasemaje hapo?"

"Sheria haijawahi kufika hapo, Matron. Inakuuliza tu kama bado unalalamika."

"Silalamiki. Lakini huyu," alimwelekezea Phelista kidole chake cha kuamrisha wadi, "ataomba msamaha kwa Kipruto mbele yangu, na atauomba vizuri."

Kipruto aliletwa, kofia mkononi. Phelista alimwendea, akashika mkono wake kwa mikono yote miwili, akainama mpaka paji la uso likakaribia vidole vyake.

"Ndugu yangu, nilikupita nikiwa na dhambi mgongoni, na wewe ukanisifu. Nisamehe."

Kipruto alimtazama OCS, akamtazama Matron, hajui aweke wapi macho.

"Imeisha, Sista," alisema. "Jumamosi uje harusi. Lakini huyo mtoto wako umwache nyumbani, bana."

Kituo kizima kililipuka kwa kicheko. Hata OCS aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka.

*

Harusi ilifanyika, na Nelima alicheza mpaka kisigino cha kiatu kikakatika.

Wiki iliyofuata aliendesha mwenyewe mpaka Bokoli, kwa sababu faili halifungwi mpaka mpelelezi aone mali iko mikononi mwa nani. Karibu yake alikaa Matron Jelimo amevaa sare yake ya zamani, iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, na hospitali ikiwa mapajani. Alikuwa ameamua mwenyewe. Hospitali ya vitofali itakaa kliniki siku za chanjo, na yeye atakuja nayo; na kama watoto wa Bokoli watakuwa na adabu, ile ya bati yenye lifti pia itafuata.

"Na ile ya kwenye boksi?" aliuliza Nelima.

"Usinisukume, msichana wangu."

Walipofika, watoto walikuwa wamejaa verandani. Phelista aliwapisha njia, na Matron akaweka hospitali mezani, akasafisha koo ili awaeleze ilitengenezwa na nani, mwaka gani, na kwa nini haifai kuguswa na mikono yenye ugali.

Hakumaliza. Msichana mdogo mwenye gauni la shule lililomzidi alikuwa ameshapanda kwenye kiti. Alimtoa daktari wa mbao wadini, akamtazama Matron kutoka viatu mpaka kofia, akaona mgonjwa.

"Kaa," alisema.

Nelima alimwona Phelista akiuziba mdomo wake kwa kiganja. Matron Sandra Jelimo, ambaye hakuna daktari wa Kitale aliyewahi kumwambia akae, alitafuta kiti nyuma yake kwa mkono, akakaa.

Msichana alimsogeza yule daktari mpaka puani kwake.

"Fungua mdomo. Sema aaa."

"Aaa," akasema Matron.